Sista Godeliva Hakuwa Mpole

Mkuu wetu wa kituo aliniomba niandike kurasa chache kabla sijasahau, ziwekwe kwenye chumba cha wauguzi, ziwatie moyo vijana. Alinipa na kichwa cha habari: "Miaka Yangu Pamoja na Mtakatifu." Nimekifuta. Nilistaafu miezi mitatu iliyopita, magoti yananiuma, na nina hasira. Anayetaka kutiwa moyo aende kwenye kwaya. Wenzenu wanaimba vizuri. Anayetaka kujua kazi ya chumba cha kuzalia, akae.

Jina langu ni Mwamini. Nimezaliwa Buyenzi, mtaa wa hapa Bujumbura, nyumba iliyopakana na gereji, na mimi ni Mwislamu kama baba na babu yangu. Nalisema hili mapema kwa sababu kila mgeni anayekuja kuuliza habari za Sista Godeliva hutazama mtandio wangu kwanza, kisha hutazama karatasi yake kuona kama amekosea mlango. Hajakosea. Nilifanya kazi naye mpaka mikono yake iliposhindwa kushika mkasi, kisha nikafanya kazi bila yeye mpaka mikono yangu nayo ilipoanza kutetemeka. Vyeo nitaviruka. Nilivyovipata havikunifundisha kitu, na nilivyovikosa vilinifundisha mambo ambayo mkuu wa kituo hatataka yabandikwe ukutani.

Siku ya kwanza nilifika saa moja kasoro asubuhi, blauzi imepigwa pasi, cheti kwenye bahasha. Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja na nilidhani najua kila kitu. Sista Godeliva alikuwa kwenye sinki, ameupa mlango mgongo. Hakugeuka.

"Nawa," alisema.

Nikanawa. Akashika vidole vyangu, akavinusa kama mtu anayenunua samaki.

"Tena."

Nikanawa tena. Akanusa tena.

"Wewe Mwamini, hii mikono ni ya nani?"

"Ni yangu, masera." Ndivyo tunavyowaita watawa wa kike hapa Bujumbura, masera.

"Apana. Ukipita hii mulango, ni ya mugonjwa. Nawa."

Nilinawa mara nne. Siku ile sikugusa mgonjwa hata mmoja. Nilikata shashi, nikazikunja, nikachemsha makoleo na mikasi kwenye sufuria juu ya jiko la mkaa, maana mashine ya kuchemshia ilikuwa imekufa na aliyepaswa kuitengeneza alikuwa "anakuja". Jioni nilimwambia mama kwamba sirudi. Mama akaniuliza kama yule masera alinitukana. Nikasema hapana. Alinipiga? Hapana. "Basi amekosa nini?" Kesho yake nikarudi.

Alikuwa mwanamke mrefu wa mifupa mikubwa, mtoto wa wakulima wa maharage kutoka milimani huko ndani, na alivaa sandali za kiume kwa sababu miguu yake haikuingia kwenye viatu vya masista. Kiswahili alikuwa amekiokota kwa wagonjwa, kwa hiyo alijua maneno yote ya maumivu na ya matusi kabla hajajua salamu. Asubuhi hakuuliza umeamkaje. Alifika kitandani, akainama na kusema, "Jina lako?" Hata kama mwanamke alikuwa analia, hata kama kichwa cha mtoto kilikuwa kinaonekana, jina kwanza. Ukimwambia "yule wa kitanda cha pili anaita", hakusikia. Ukisema "Yoransi anaita", alikuwa ameshaondoka.

Sasa nije kwenye hasira yake, kwa sababu hapo ndipo mnapodanganywa. Siku moja alimkuta mwanamke ana uchungu peke yake kwenye korido, amekaa sakafuni, huku wauguzi wawili wanakunywa chai chumba cha pili. Sista alichukua beseni la enameli akalirusha ukutani. Halikumgusa mtu, lakini chokaa ilidondoka, na kovu lile liko hadi leo nyuma ya kabati. Kisha akaiburuta meza ya chai mpaka uani, kwenye jua. Wiki nzima tulikunywa chai tumesimama kando ya vitanda, kikombe mkono mmoja, mkono wa pili juu ya tumbo la mtu. Mmoja wa wale wauguzi wawili alikuwa mimi.

Hakuwahi kuniomba radhi kwa maneno. Lakini siku mbili baadaye ilikuwa zamu yangu ya kufua mashuka ya chumba cha kuzalia, kazi ambayo hakuna aliyeipenda, na nilipofika uani nilikuta ndoo zangu tatu tupu na mashuka yameanikwa. Yeye alikuwa anakamua la mwisho. Hakuinua uso.

Alisali, ndiyo. Alikuwa kanisani kila alfajiri kabla hatujafika. Lakini acha niwaambie na hili, kwa sababu halimo kwenye vijitabu. Mwezi wangu wa pili aliniona nasali alasiri nyuma ya tangi la maji, kwenye matope. Kesho yake alihamisha rafu moja ya stoo ya mashuka, akafagia mahali penye ukubwa wa mkeka, akasema tu, "Hapa pakavu." Tangu hapo, nikizidiwa na kazi, alikuja mwenyewe kunigusa bega.

"Mwamini, saa yako."

"Bado niko na kazi, masera."

"Kazi nitaishika. Nenda. Na mimi unitaje."

Nilimtaja kila siku. Bado namtaja.

Chombo kilichookoa watu wengi kuliko vyote katika kituo kile kilikuwa daftari la shule lenye jalada la bluu. Sista alikuwa amechoka kuona wanawake wakifa wakisubiri damu itoke hospitali kubwa. Akamchukua yule bwana wa maabara yetu, maabara yenyewe chumba kimoja na darubini moja, wakazunguka gereji za Buyenzi, kisha wakashuka bandarini kwa wabeba mizigo. Aliwapima wote waliokubali na akaandika jina, kundi la damu, na mahali pa kumpata mtu. Kaka yangu Shabani, fundi wa injini, hunisimulia hadi leo jinsi masera alivyoingia gereji, akamtoa mtu chini ya lori na kumwambia akanawe kidole kwa petroli, halafu kwa sabuni, halafu tena kwa sabuni. Wanaume waliogopa sindano wakajificha kwa kicheko. Aliwaambia, "Mwanamuke anazaa mara sita, weye unaogopa hii?" Wakapanga mstari.

Nimefika kwa Konsolata. Mnaijua hadithi yake kama inavyosimuliwa. Hii ni kama ilivyotokea, na nilikuwepo.

Ilikuwa ile miaka mibaya ya vita. Watu wa mtaa mmoja hawakuvuka kwenda mtaa mwingine ila kwa lazima, na mchana wa siku ile njia ya kwenda hospitali kubwa ilikuwa imefungwa. Konsolata alikuwa muuza vitambaa wa Mutakura, mtaa ambao watu wa Buyenzi hawakuukanyaga siku zile. Alikuwa ameteremka mjini kununua mali, uchungu ukamshika, wapita njia wakamleta kwetu. Alizaa saa nane mchana, mtoto wa kike, mzima. Kondo la nyuma likatoka vizuri. Kisha damu ikaanza, na haikukoma.

Sikilizeni vizuri hapa, kwa sababu haya ndiyo ninayotaka yabaki. Mfuko wa uzazi ulikuwa umelegea, haukazi, laini kama unga uliozidi maji. Tulimsugua tumbo kwa nguvu. Tulimtoa mkojo. Tulimpa sindano ya kukaza; zilikuwa mbili tu kwenye kabati, tukampa zote. Damu ikaendelea. Sista akavaa glavu ndefu, akaingiza mkono, akaukunja ngumi ndani, mkono wa pili akauweka juu ya tumbo na kusukuma kwenda chini, ule mfuko ukabanwa katikati ya mikono miwili. Damu ikapungua. Akilegeza kidogo, inarudi. Kwa hiyo hakulegeza.

"Daftari," aliniambia. "Maabara wamempima, ni O. Nenda."

Nilikwenda kwa miguu, nakimbia na blauzi yenye damu, na watu walinipisha njia. Gereji nyingi zilikuwa zimefungwa. Shabani alikuwepo na wenzake watano.

"Nataka watu wa O," nilisema. "Majina ni haya."

"Damu ni ya nani?"

"Mwanamuke amezaa, damu inamwishia."

"Wa wapi?"

"Mutakura."

Wakatazamana. Msifikiri walikuwa watu wabaya; siku zile kila mtu alijua nani alimkosa nani, na kutoka gereji kwenda barabarani kulikuwa kujitoa mhanga. Mmoja wao, mzee Jumapili aliyekuwa akichomelea vyuma, akavua miwani yake na kuuliza, "Masera mwenyewe ndiye amesema?"

"Ndiye. Mkono wake uko ndani, hawezi kuja."

"Twende," alisema, wakaondoka wanne, yeye akiwemo.

Tuliporudi ilikuwa imepita karibu saa nzima. Sista alikuwa palepale alipokuwa, jasho linadondoka kwenye kidevu, mkono wa juu unatetemeka kutoka begani. Alikuwa anamgombeza Konsolata. "Usilale. Konsolata. Mama yako anaitwa nani? Sema. Ulisema Maria, Maria nani?" Na katikati ya kumgombeza aliinua macho kwenye bati la dari akasema kwa Kirundi, kwa sauti ileile aliyotumia kwa wauguzi wavivu, "Nawe urindiriye iki?" Nawe unangoja nini?

Kisha akanifundisha kubadilishana naye bila kuachia: mkono wangu ukateleza pale wake ulipotoka, ngumi kwa ngumi. Nilishika nusu saa, akashika tena. Damu ya mzee Jumapili iliingia kwanza, kisha ya wenzake wawili. Wa nne alizimia kabla ya sindano, tukampa chai. Karibu saa kumi na moja mfuko ukakaza, mgumu kama papai bichi, nikausikia kwa mkono wangu mwenyewe. Sista akatoa mkono wake na hakuweza kuufungua. Nilimfungulia vidole kimoja kimoja.

Nilimuuliza baadaye, "Masera, ulikuwa unagomba na nani juu kule?"

"Na yule ananijua," alisema, akaenda kunawa.

Rozari yake siku ile ilikuwa imetundikwa kwenye msumari nyuma ya mlango pamoja na aproni ya kubadilisha. Aliitundika pale kila alipoingia chumba cha kuzalia, kwa sababu, alisema, shanga hazichemshiki vizuri.

Miaka ikapita. Sista alizeeka kwa kelele, kama alivyoishi. Mikono ilipokataa alikaa kwenye kiti cha mbao mlangoni akinusa vidole vya wauguzi wapya. Alikufa asubuhi, kwenye kitanda cha wodi ya kawaida. Masista walikuwa wamemwandalia chumba, na yeye alikuwa amekikataa. Nilimwosha pamoja na watawa wawili. Mazishi yalijaa mpaka barabarani, na mafundi wa Buyenzi walifunga gereji.

Kisha ikaja picha. Mchoraji mmoja, ambaye hakuwahi kumwona, alimchora amevaa nyeupe, uso laini, tabasamu dogo, mikono imekunjwa kifuani. Kwa muda wote nilioishi naye sikuwahi kuiona mikono ile imekaa bila kazi. Wakachapisha kadi ndogo zenye sala nyuma. Na ikaja hadithi, sijui ilianzia kinywa cha nani: kwamba Konsolata alikuwa anakufa, Sista mpole akamwekea rozari tumboni, akasali kwa utulivu, na damu ikakoma palepale. Mafundi hawamo kwenye hadithi hiyo. Daftari halimo. Mimi nimo, nimesimama pembeni, naamini.

Sasa niseme jambo ambalo ni aibu yangu. Wageni walipokuja kituoni wakanionyesha na kusema, "Huyu alikuwepo," niliinamisha kichwa na kutabasamu. Sikusema ndiyo, sikusema hapana. Walinishika mkono kwa heshima, mimi mtoto wa fundi, na ilinipendeza. Nilijiambia hayo ni mambo ya dini yao, hayanihusu. Miaka kadhaa nilitabasamu hivyo.

Mwaka wangu wa mwisho wa kazi walinihamishia stoo, kwa ajili ya magoti. Asubuhi moja nilikuwa nahesabu glavu nikasikia watu wanaimba wimbo wa dini, taratibu, upande wa chumba cha kuzalia. Kuimba saa tatu asubuhi kwenye chumba cha kuzalia si jambo la kawaida. Nikaenda.

Kitandani alikuwepo mama kijana anayeitwa Evelina, amezaa mtoto wa pili. Mkunga wa zamu alikuwa Diane, ana mwaka mmoja kazini, msichana mwenye bidii. Dripu ilikuwa inaenda, sindano ya kukaza alikuwa amempa, gari la wagonjwa alikuwa amelipigia simu na lilikuwa njiani. Alikuwa amefanya yote aliyofundishwa. Kisha, akingoja gari, alikuwa amechukua kadi ya Sista Godeliva ukutani, akamwekea Evelina tumboni, na yeye na mama mkwe na dada wawili walikuwa wanaimba. Shuka lilikuwa jekundu mpaka sakafuni.

Niliitupa kadi. Niliingiza mkono kama nilivyofundishwa. Damu ikapungua, wallahi ilipungua, lakini Evelina alikuwa ameshapoteza ile ambayo hairudi. Daftari la bluu lilikuwa halijaandikwa jina jipya tangu Sista afe. Gari lilipofika nilipanda nalo, ngumi ndani, nimepiga magoti kwenye bati. Alikufa kabla hatujafika, ananitazama. Sikuwa nimemuuliza jina. Nililisoma kwenye faili lake baadaye.

Niliporudi nilimkuta Diane amekaa kwenye ngazi. Nilimwambia maneno ambayo sitayaandika. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mama Mwamini, ile kitu ulifanya na mukono, mi sikuwahi kuiona. Shuleni walituambia iko. Hakuna mutu alituonyesha."

"Mwaka mzima hapa hakuna aliyekuonyesha?"

"Nani angetuonyesha?"

Nilisimama pale na damu imenikaukia mpaka kwenye kiwiko. Katika kituo kizima aliyekuwa amebaki wa kumwonyesha alikuwa mmoja.

Wiki tatu baada ya mazishi ya Evelina, wakaja wachunguzi wa Kanisa. Labda hamjui utaratibu huu: kabla mtu hajatangazwa mtakatifu hufanyika uchunguzi kama wa mahakama. Kuna mashahidi, kuna kiapo, kuna karani, na muujiza hutafutwa kama ushahidi. Unaohesabika ni wa baada ya kifo, lakini sifa yote ya Sista ilisimama juu ya ule wa Konsolata. Niliitwa kwa kuwa nilikuwepo. Nilikwenda nikiwa na hasira ambayo sijawahi kuwa nayo mbele ya mtu aliyenikaribisha kiti.

Padri aliyeniuliza alikuwa mtu mzima, mpole kweli, mwenye miwani. Aliuliza, karani akaandika kwa Kifaransa. Nilisimulia kama nilivyowasimulia ninyi. Nilipofika kwenye ngumi, padri aliweka kalamu chini.

"Na rozari, mama?"

"Ilikuwa kwenye msumari."

"Konsolata anasema alisikia kitu kigumu kinamkandamiza tumboni, akajua ni rozari."

"Kilikuwa mkono, padri. Kwanza wa Sista, halafu wangu, halafu wa Sista."

Alivua miwani. "Unaelewa kwamba tukiandika hivi, hapa hakuna muujiza? Kesi yake inaweza kukaa miaka. Wewe uliyempenda hutaki awe mtakatifu?"

"Mimi sitaki awe picha," nilisema. "Picha yenu iliwekwa juu ya tumbo la mtu mwezi uliopita. Leo watoto wake wanalelewa na bibi yao. Andika."

Hakuwa na habari za Evelina. Nilimweleza. Alimgeukia karani akamwambia, "Andika kama anavyosema."

Alipomaliza, karani alinisomea. Kifaransa changu ni cha wodi, lakini nilikisikia kitu. "Soma tena pale anaposali." Akasoma: Sista alisali *sereinement*. Kwa utulivu.

"Mimi sikusema hivyo. Nimesema aligomba."

"Ni namna ya kuandika tu, mama."

"Basi mimi siweki sahihi."

Karani alimtazama padri. Padri alichukua karatasi, akalifuta lile neno kwa mkono wake mwenyewe, akauliza, "Alimgombeza Mungu kwa maneno gani?" Nikamwambia kwa Kirundi. Aliyaandika pembeni polepole, na alipomaliza aliyasoma mara mbili kwa sauti ndogo, kana kwamba anayasema mwenyewe. Nikaweka sahihi.

Nje, kwenye benchi, alikuwa Konsolata, anangoja zamu yake. Amenenepa, amevaa kitenge kizuri, binti aliyezaliwa siku ile sasa ni mwalimu. Alikuwa amesikia, milango ya pale ni myepesi.

"Umeniondolea muujiza wangu," alisema. "Miaka yote mi nasimama mbele ya watu nasema vile Mungu alinifanyia. Sasa niwaambie nini?"

Nilikuwa bado na moto. "Waambie watu watatu wa gereji walikupa damu yao na hujawahi kuuliza majina yao."

Nilikwenda zangu, nikajiona nimeshinda, na kabla sijafika barabara ya lami nilijua kwamba nimemwumiza mtu aliyekuwa hana kosa ila kupona.

Mwezi wangu wa mwisho nilimwambia mkuu wa kituo kwamba sitaki sherehe. Nataka chumba cha kuzalia alasiri tatu, na wauguzi wote, na picha ya Sista iliyotundikwa mle ihamishwe korido. Alikubali la chumba. La picha alianza kunielezea hisia za waumini. Niliitoa mwenyewe, nikaitundika korido, na sasa inawatazama wanaokuja kupima malaria, ambako haina madhara.

Siku ya kwanza tulifanya kwa mfuko wa plastiki uliojaa maji, umefungwa kwa kitambaa. Diane alikuwa wa kwanza. Nilimwambia ashike mpaka nimwambie basi. Dakika kumi mkono ulitetemeka, ishirini alilia. Sikumwambia basi.

Mlango ukafunguliwa, akaingia Konsolata. Siku ya somo alikuwa ameisikia kwa Shabani; alikwenda gereji, nilisikia baadaye, kumuuliza majina ya waliompa damu. Mzee Jumapili alikuwa ameshakufa. Konsolata alipelekwa kaburini kwake, akasimama pale na kitenge chake kizuri mpaka Shabani akachoka kungoja. Aliwatazama wauguzi, akatazama ule mfuko wa plastiki.

"Si hivi," alisema. "Ngoja mi niwaambie."

Akapanda kwenye kitanda cha kuzalia na viatu vyake, akalala chali, akauchukua mkono wa juu wa Diane akauweka kwenye tumbo lake mwenyewe.

"Sukuma. Nguvu zaidi. Inaumiza, mujue. Inaumiza kupita kuzaa. Mi nilimwomba masera aniache. Nilimtukana, nikamwambia niache nife. Mama atawaomba vile vile, mutamusikia, na mutamuhurumia." Aliinua kichwa akawatazama mmoja mmoja. "Musiache."

Hilo hakuwahi kulisema mbele ya watu. Sijui padri aliandika nini alipomsikiliza yeye, na sikumuuliza. Aliposhuka kitandani tulishikana mikono, hatukusema kitu juu ya muujiza. Yeye bado anauamini. Mimi namkumbuka Sista akiitazama dari, na kuna siku sijui tunabishana juu ya nini.

Wiki iliyopita, asubuhi, nikiwa napepeta mchele, Diane alinipigia simu. Mama mmoja alikuwa ametokwa na damu jana yake. Diane alishika dakika arobaini, wakapokezana na mwenzake, watu wawili kutoka bandarini, majina mapya kwenye daftari, wakaja kutoa damu, mama amepona na mtoto yupo. Lakini hakunipigia kwa ajili hiyo. Alilisema haraka haraka, kisha akaanza: glavu ndefu zilikuwa zimekwisha, alikuwa ameandika barua mbili, mtu wa stoo alimjibu kwamba zinakuja, ilibidi avae mbili fupi na kuzifunga kwa plasta, na leo asubuhi alipokwenda kuuliza tena alimkuta yule bwana anakunywa chai, akamnyang'anya kikombe mkononi na kukimwaga uani mbele ya watu, na sasa mkuu wa kituo anamwita ofisini. Sauti yake ilikuwa inapanda.

Niliweka ungo chini nikakaa. Nilimwacha agombe mpaka akamaliza. Sikumtuliza.